Jinsi ya kulinganisha wanafunzi wanaosoma nje, nchi kwa nchi, bila kudanganywa na namba

Ile listi ya nchi zinazoongoza kupeleka wanafunzi nje inazunguka kila mwaka, China namba moja, India namba mbili, alafu chini watu wanaanza kuandika oh unaona wenzetu wanavyojituma, vijana wetu wamejifungia tu nyumbani. Jamani hiyo siyo kweli. China ina wanafunzi zaidi ya milioni 1 nje ya nchi, sawa, ila nyumbani ina wanafunzi wa vyuo zaidi ya milioni 40, yani kwa kila 100 wanaosoma kwao ni kama wawili tu ndo wako nje. Afrika kusini mwa Sahara kwa hesabu hiyohiyo ni kama wanne hadi watano kwa kila 100, karibu mara mbili ya wastani wa dunia. Kwahiyo kijana wa huku kwetu akishafika chuo, uwezekano wa kumkuta nje ya nchi yake ni mkubwa kuliko wa Mchina, na listi haikuambii hilo maana inahesabu vichwa basi.

Nimeandika huu mwongozo kwa mtu yeyote anayetaka kulinganisha hizi namba vizuri, uwe unaandika ripoti ya chuo, makala ya gazeti, au unabishana tu na watu mtandaoni ila unataka ubishane na kitu mkononi. Huhitaji programu ya gharama, simu na kikokotoo vinatosha, ukiwa na Excel ni vizuri zaidi.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla hujafungua tovuti yoyote

Watu wengi wanaruka hapa. "Nchi gani inapeleka wanafunzi wengi nje" ni maswali matatu yamejificha ndani ya moja. La kwanza ni idadi ya vichwa. La pili ni kwa kila wanafunzi 100 wa elimu ya juu walioko nyumbani, walioko nje ni wangapi. La tatu ni ukichukua vijana wote wa umri wa chuo, waliosoma na wasiosoma, wangapi wamefika chuo cha nje. Majibu yanatofautiana kabisa na washindi ni tofauti, kwahiyo chagua moja, liandike juu ya karatasi, usilibadilishe katikati ya kazi eti kwa sababu namba nyingine inapendeza zaidi.

Hatua ya 2: Amua nani anahesabiwa

Hapa tukae kidogo maana ndo penye matatizo mengi kuliko sehemu nyingine zote.

UNESCO kupitia taasisi yake ya takwimu iliyoko Montreal, inajulikana kama UIS, inamhesabu mtu aliyevuka mpaka wa nchi kwa lengo la kusoma. Lengo la kusoma, shika hapo. Sasa mchukue kijana Mkongomani aliyekimbia vita na wazazi wake akiwa mdogo, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale huko Uganda, akasoma shule za Uganda mpaka akaingia Makerere. Kwa uraia huyo ni mgeni, lakini hakuvuka mpaka kufuata chuo. Nchi inayohesabu kwa uraia itamweka kwenye listi ya wageni, inayohesabu kwa mahali mtu alipomaliza sekondari haitamweka. Ujerumani wanawatenganisha waziwazi, kuna mgeni aliyekuja na cheti cha sekondari kutoka nje na kuna mgeni aliyesoma shule hapohapo Ujerumani, mfano mtoto wa familia ya Kituruki aliyezaliwa Berlin na ana pasipoti ya Uturuki, na hili kundi la pili siyo dogo hata kidogo. Uingereza wao wanaangalia makazi ya kudumu ya mtu kabla hajaanza masomo. Kwahiyo ukichukua namba ya nchi moja inayohesabu uraia ukaiweka kando ya nchi inayohesabu makazi, hapo hujalinganisha kitu.

Jambo la pili ni anayekwenda kusoma digrii nzima na anayekwenda semista moja. Marekani ndo mfano mzuri kuliko wote. Ripoti yao ya Open Doors inasema mwaka wa masomo 2022/23 Wamarekani 280,716 walisoma nje. Ukisikia hivo unasema duh, ila wengi sana kati ya hao walienda kwa semista, au majira ya joto tu, au wiki chache, wakarudi kumalizia digrii kwao. Wamarekani wanaosoma digrii nzima nje, ambao ndo UIS inawahesabu, ni kama laki moja tu. Tofauti yake ni karibu mara tatu na namba zote mbili ni sahihi! Ulaya nao wana Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi, tangu 1987, huko mwanafunzi wa Hispania anaenda Italia muhula mmoja anarudi, na UIS haimhesabu mtu aliyekaa chini ya mwaka mzima wa masomo. Luxembourg wamefika mbali zaidi, chuo kikuu chao kinamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome angalau muhula mmoja nje ya nchi.

China inayopokea nayo iko hivohivo. Mwaka 2018 wizara yao ya elimu ilitangaza wanafunzi wa kigeni 492,185. Namba hiyo ilinukuliwa kila mahali, lakini ndani yake waliokuwa wanasoma digrii ni 258,122, wengine wote ni kozi za lugha na mafunzo mafupi. Ukiilinganisha ile 492,185 na idadi ya wanafunzi wa digrii wa nchi nyingine umeshaipa China karibu mara mbili ya stahili yake.

Basi kwenye karatasi yako andika mistari miwili: nahesabu kwa uraia au kwa alikotoka, na nahesabu digrii nzima au na wale wa muda mfupi. Kila namba utakayookota ipite kwenye mistari hiyo, isiyopita iache hata kama inakuuma.

Hatua ya 3: Anzia UIS, ila ujue namba zinatoka wapi

Ukitaka nchi nyingi kwa pamoja, anzia UIS. Ni bure, na Benki ya Dunia pia wanaichapisha data hiyohiyo kwenye tovuti yao, kwahiyo usihesabu kama ni vyanzo viwili tofauti, ni kimoja. Kwenye UIS kuna ramani, unachagua nchi, inakuonesha wanafunzi wake wako wapi na nani wamekuja kwake. Pia kuna kiashiria wameshakikokotoa tayari, kimeandikwa Outbound mobility ratio, hicho ndo jibu la lile swali la pili la hatua ya kwanza.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui, na kwetu sisi Afrika Mashariki ni kubwa mno. UIS haiendi Dodoma au Nairobi kuuliza mmepeleka wangapi nje. Inakusanya kutoka kwa nchi zinazopokea, kila moja inasema nina wageni hawa kutoka nchi hizi, alafu UIS inajumlisha. Nchi inayopokea isipotoa mchanganuo wa wageni wake wametoka wapi, wanafunzi hao wanapotea kwenye hesabu ya nchi yao. Na China, ambayo ni moja ya nchi zinazopokea wageni wengi duniani, haimo kwenye huo mchanganuo.

Fikiria hapo kidogo. Mwaka huohuo 2018 China ilisema Waafrika waliokuwa wanasoma kwake ni 81,562. Ndani yao kuna Watanzania, Wakenya, Warwanda, Wakongomani, wengine wanasoma udaktari, wengine uhandisi, wengine wamepata skolashipu ya serikali ya China na wengine wazazi wameuza shamba. Wote hao kwenye jumla ya UIS ya nchi zao hawaonekani. Nchi nyingi za Afrika nazo haziripoti kila mwaka, kwahiyo Mrundi anayesoma kwa jirani anaweza akawepo mwaka huu kwenye data na mwaka kesho akatoweka wakati yeye yuko darasani vilevile. Ndo maana nasema kwa nchi zetu namba ya UIS ichukulie kama sakafu, yaani hawapungui hao, na uandike hivo kwenye kazi yako. Kwa nchi kama Luxembourg ambayo vijana wake wanaenda Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji, nchi zinazoripoti vizuri, namba iko karibu sana na ukweli. Mtu akilinganisha Tanzania na Luxembourg bila kulisema hili anawaonea Watanzania, na hili linaniudhi sana kwa sababu sera na bajeti zinapangwa kwa namba hizihizi.

Hatua ya 4: Ongeza vyanzo vya nchi zinazopokea, na usome maelezo ya chini

Ukitaka undani wa nchi moja inayopokea kuna vyanzo vizuri. Marekani ni Open Doors, inatoka kila Novemba. Uingereza ni HESA, yani takwimu zao za elimu ya juu. OECD, ule umoja ambao wengi wake ni nchi tajiri, wanatoa ripoti yao ya elimu kila Septemba. Kanada ni wizara ya uhamiaji, Australia ni wizara ya elimu.

Kila kimoja kina mtego wake. Open Doors ya 2023/24 inasema wageni 1,126,690, ila zaidi ya 242,000 kati yao walishamaliza masomo na wako kazini kwa kile kibali cha mafunzo ya vitendo baada ya kuhitimu. Marekani hiyohiyo mfumo wa uhamiaji unaofuatilia visa za wanafunzi ulikuwa na kama milioni 1.5 mwaka 2023, maana unabeba na watoto wa shule za msingi na sekondari na watu wa vyuo vya ufundi. Kanada nao mwisho wa 2023 walikuwa na vibali zaidi ya milioni moja, na humo wamo watoto wa shule. Australia ukikosea jedwali utahesabu usajili badala ya watu, mtu mmoja anasoma kwanza kozi ya Kiingereza alafu anaingia digrii, anaonekana mara mbili. Uingereza wanawaweka pembeni wale wanaosoma digrii ya Uingereza wakiwa kwao, na ni zaidi ya laki tano, sasa mtu wa Nairobi anayefanya masta ya Uingereza bila kupanda ndege huyo kasoma nje au hajasoma? Kwa swali letu hajatoka, mwache.

Serikali ya nchi inayopeleka nayo inaweza kuwa na namba zake. India ndo inachekesha macho, UIS ilikuwa inaonesha kama wanafunzi laki 6 na kitu mwaka 2022, wakati wizara ya mambo ya nje ya India mwaka 2024 ilisema zaidi ya milioni 1.3. Siyo kwamba mmoja anadanganya. Wizara inakusanya kupitia balozi zake na inachukua wanafunzi wa aina zote, na nchi ambazo UIS haizioni vizuri. Nepal wizara ya elimu inatoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa kila anayetaka kwenda kusoma nje, kwahiyo wana hesabu ya walioomba kuondoka, ambayo siyo sawa na hesabu ya waliofika. Tanzania TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, nao wanatoa cheti cha aina hiyo na wanafanya utambuzi wa vyeti vya waliosoma nje wakirudi. Ukipata namba za hivo ni nzuri kama ushahidi wa pembeni, hasa kuziba lile pengo la China, ila usizichanganye kwenye safu moja na za UIS.

Hatua ya 5: Gawanya

Kanuni ni rahisi, walioko nje gawanya kwa walioko nyumbani zidisha kwa 100. India, tuchukue laki 6 na elfu 20 hivi, nyumbani wana milioni 43.3 kwa sensa yao ya elimu ya juu ya 2021/22, unapata kama 1.4. Marekani laki moja kwa wanafunzi kama milioni 19, unapata nusu asilimia tu, yani kati ya wanafunzi 200 ni mmoja. Nepal inafika kama 20. Luxembourg inapita 100! Usishtuke, hujakosea hesabu, ni kwamba vijana wa Luxembourg walioko nje ni wengi kuliko wanafunzi wote walioko vyuoni ndani ya Luxembourg, na hao wa ndani karibu nusu ni wageni.

Ukitaka kuona nguvu ya kugawanya chukua Waafrika walioko Marekani mwaka 2023/24 peke yake. Nigeria 20,029, Ghana 9,394, Kenya elfu nne na mia kadhaa. Kwa vichwa Nigeria imeizidi Ghana mara mbili. Sasa gawanya kwa idadi ya watu: Nigeria ina watu kama milioni 225, Ghana milioni 34, Kenya milioni 55. Inatoka Nigeria kama 89 kwa kila watu milioni, Ghana kama 276, Kenya kama 80. Ghana imeruka juu mara tatu ya Nigeria na Nigeria iko karibu sawa na Kenya. Kitu kimoja tu, nimegawanya kwa watu wote hapo kwa sababu ndo namba rahisi kupata, ukipata idadi ya vijana wa umri wa chuo tumia hiyo ni bora zaidi, ila tumia aina moja kwa nchi zote.

Na kuwa makini na nchi yenye wanafunzi wachache nyumbani. Asilimia kubwa inaweza kutoka kwenye sababu zinazopingana. Luxembourg na Komoro zote zilianzisha chuo kikuu chao mwaka 2003, zote ni nchi ndogo, na zote zimekuwa na kiwango cha juu cha wanafunzi nje. Mluxembourg anapanda treni anafika Ujerumani, anajua lugha tatu, serikali inamsaidia pesa. Mkomoro anaenda Madagascar, Senegal, Morocco au Ufaransa kwa sababu kozi anayotaka kwao haipo, na familia inajipiga mpaka mwisho. Ukiweka namba hizo mbili kwenye grafu moja bila neno lolote unamwambia msomaji kwamba hali zao zinafanana.

Hatua ya 6: Funga mwaka

Data za UIS zinachelewa kama miaka miwili, za nchi moja moja zinawahi. Usichukue China ya 2018 na Marekani ya 2024. Ukikuta mwaka wa korona kaa nao mbali, au uuseme, maana wale Wamarekani wa kwenda nje kwa muda mfupi walishuka mpaka 14,549 mwaka 2020/21 wakati 2018/19 walikuwa 347,099.

Ukiweza chukua miaka kumi badala ya mmoja, ndo utaona mambo. Saudia ilianza skolashipu ya Mfalme Abdullah mwaka 2005, wanafunzi wake Marekani wakapanda mpaka zaidi ya elfu 61 mwaka 2015/16, bei ya mafuta ikaanguka, serikali ikabana masharti, kufika 2022/23 walikuwa kama elfu 16. Mtu aliyechukua 2015 angesema Wasaudia ni wasafiri wakubwa wa elimu, wa 2023 angesema kinyume, na wote wangekuwa wamepima mfuko wa serikali tu. Nigeria kwenda Uingereza ni vilevile, walipita elfu 70 mwaka 2022/23, kisha naira, pesa ya Nigeria, ikaporomoka katikati ya 2023, na kuanzia Januari 2024 Uingereza ikazuia wanafunzi wengi wa masta kuja na familia, idadi ikashuka. Kwahiyo kila ukiona mruko kwenye grafu tafuta moja kati ya haya: pesa ya nchi, skolashipu, sheria ya visa, vita. Mara nyingi ni hayo.

Hatua ya 7: Angalia wanaoingia pia

Hii fanya haraka, ni namba moja tu ya kuongeza, waliokuja toa waliotoka. Uganda inapeleka vijana nje lakini pia inapokea Wakenya, Wakongomani, Wasudani Kusini, Warwanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, na mwanafunzi wa Bukoba aliyeko Kampala naye kasoma nje ya nchi hata kama kafika kwa basi. Watu wetu wakisema nje wanawaza Ulaya na Marekani tu, wakati sehemu kubwa ya safari za wanafunzi wa ukanda huu ni za jirani, na ndo zinahesabiwa vibaya kuliko zote.

Hatua ya 8: Tengeneza jedwali na uandike sentensi iliyokamilika

Jedwali liwe na safu hizi: nchi, mwaka, walioko nje, walioko nyumbani, asilimia, chanzo, na safu ya mwisho ya maelezo ambapo unaandika nani hajahesabiwa. Hiyo ya mwisho usiifute hata ukiambiwa inajaza ukurasa. Panga nchi kwa asilimia siyo kwa vichwa, ila vichwa viache vionekane. Usilinganishe nchi zaidi ya sita au saba kwa mara moja, na chagua zinazofanana kidogo kwa ukubwa au kipato, Kenya na Ghana inaeleweka, Kenya na China inaleta kelele tu.

Alafu unapoandika, kila namba iende na mwaka wake, aina yake na mhesabuji wake ndani ya sentensi moja. Mfano: "Mwaka 2023/24 Ghana ilikuwa na wanafunzi 9,394 Marekani kwa hesabu ya Open Doors, wakiwemo wahitimu walioko kwenye mafunzo ya kazi, sawa na kama 276 kwa kila watu milioni moja." Ni ndefu ndio, ila mtu akija kukubishia atabidi aende Open Doors akabishane nao.